Mti wa Kwanza Hukunja Mkono

Jumatatu duka la chipsi halifunguliwi.
Mafuta yameganda karaini, meupe,
na mvua ya Bootle inagonga mlango wa uani
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Mama mkwe anapangusa kaunta ya chuma,
anachovya kidole kwenye kikombe cha maji,
ananiambia kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza:
Tazama. Mlalo kwanza.

Mlalo.
Wima.
Mkato wa kushoto, unaoteleza kama pindo la kanga.
Mkato wa kulia, unaotua kwa kisigino.
Mti.

Nami nikaandika wangu, nikaanza na wima.
Mti si shina kwanza?
Kijiti chake cha kulia wali kikanigonga kifundo cha mkono.

Nikangoja anipe kisogo, amenye vitunguu saumu,
nikaandika tena nijuavyo mimi.
Ulifanana na wake, ningeapa mbele ya kadhi.
Akageuka, akautazama kidogo tu:
Umeanzia shina.
Alijuaje?
Maji hukauka kwa zamu, mwenzangu.
Kilichotangulia kuandikwa ndicho hutangulia kufutika.
Shina langu lilikuwa linaondoka
matawi yakiwa bado mabichi.

Sikubisha. Mimi nimelelewa jikoni Makorora,
najua kasimile huja mwisho, na mwiko hautulii;
ukiitanguliza, tui hukatika,
na nazi ni ile ile, na samaki ni yule yule,
na wageni wameshavua viatu.
Tena bibi yangu aliandika barua kwa herufi za Kiarabu,
kutoka kulia, Kiswahili kitupu,
mwili wa neno kwanza, nukta baadaye,
akizinyunyiza kama chumvi.
Nilipomwonyesha mama mkwe, alicheka:
Unarudi nyumbani kinyumenyume!

Mwanawe, Wing-Kei wangu,
jina lake mwenyewe hulichapa kwa gumba, simu ikamchagulia.
Akipewa kalamu, mkono husita
kama mgeni asiyejua avue viatu au aingie navyo.
Ndiyo maana nimeketi hapa mimi.
Sikumwambia hivyo mama yake. Nadhani anajua.

Wiki iliyopita ilikuwa nyumba ya kuta nne.
Ukuta wa kushoto, kisha dari na ukuta wa kulia
kwa mpigo mmoja usiokatika,
halafu watu na vyombo vyao ndani,
mwisho kabisa ndipo ufunge chini.
Nilifunga mapema. Nikafunga mapema tena.
Mara ya tatu akaonyesha dirisha:
Umewaacha nje, na mvua hii.
Nikakumbuka miezi kumi na tisa
ya kungojea karatasi za uhamiaji,
nikaufuta ule mstari kwa kiganja kizima.

Leo ni jina la ukoo. Lam.
Miti miwili, kwa maana ya msitu.
Rahisi, nikasema; nikaandika mti, nikaandika mti,
matawi yakapigana vikumbo
kama abiria wa basi la saa mbili.
Akatikisa kichwa. Huyu wa kwanza,
mkato wake wa mwisho usiurefushe.
Nukta tu. Anakunja mkono.
Akasimama karibu na karai kunionyesha,
kiwiko kikiwa kimebanwa mbavuni,
kama alivyosimama miaka thelathini na moja
marehemu mumewe akikaanga
naye akifunga samaki kwenye karatasi,
katika nafasi isiyomtosha hata mtu mmoja mnene.

Nikajaribu. Mlalo, wima, kushoto,
nukta.
Mti wa pili ukapata pa kuingia.
Nilipomaliza mkato wake wa mwisho
ule wa kwanza ulikuwa umeshakauka,
pamebaki chuma tu, na taa ya jikoni ndani yake.

Sikuuliza, kati yetu wawili, nani ni yupi.
Kikombe kilikuwa upande wake.
Akakisukuma kwangu.
Tena, akasema. Umekunja mno.