Mkweche

Ackroyd amenipa karatasi ya ukaguzi
bila kunitazama machoni, kama daktari mwema.
Imefeli. Sababu tatu, kwa kalamu ya bluu:
mnyororo umelegea, hakuna tena nafasi ya kukaza;
beringi ya gurudumu la nyuma inasaga kama jino bovu;
na fremu, chini ya kiti, kutu imetoboa tundu
linaloingia kidole changu cha shahada.

"Mia sita na arobaini," akasema, "nikikuonea huruma.
Yenyewe haifiki mia na hamsini."
Akafuta mikono kwa kitambaa
kichafu kuliko mikono.

Nimeikokota hadi nyumbani,
kandokando ya mfereji, katika mvua ya Todmorden,
ile isiyonyesha wala isiyoacha.
Bata wakanipisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
nami daftari ninalo: miaka kumi na minane
ya petroli, oili, plagi, tairi,
kwa mwandiko unaozeeka ukurasa kwa ukurasa.
Elfu tisini na nane, mia nne na kumi na tatu.
Maili, si kilomita. Zidisha mwenyewe.
Na karibu zote ndani ya bonde hili moja,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
kama nzi ndani ya chupa.

Sauda ananipigia kutoka Leeds:
Mama, uza. Kazini wamekupa gari lenye hita,
lenye redio, lenye paa. Mama, paa!
Yupo kijana wa Burnley anataka injini tu,
pauni tisini, akaifunge kwenye kidude chake
cha kurukia matope Jumapili.
Injini tu.
Kama mtu kuja msibani
akauliza marehemu alivaa viatu saizi gani.

Nimesema nitafikiri.
Ninayemfikiri ni Bibi Greenwood,
nyumba ya juu kabisa Heptonstall, penye mawe ya utelezi,
aliyesahau mwaka ule kwamba ana mwana,
akasahau kijiko ni cha nini,
lakini injini ikikohoa tu pale kona ya kanisa
huyo ameshabandika birika.
"Umechelewa, wewe pikipiki," husema akifungua.
Jina langu hakulishika kamwe. Hilo alilishika.

Mwezi wa pili nikaenda kwa gari jipya, kimyakimya,
nikagonga.
Akachungulia dirishani kama aliyeona mdai,
akashusha pazia.
Nilifungua kwa ufunguo wa kazini. Chai sikupewa.
Wiki ya pili yake kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Basi usiku huu nimeshuka bandani na tochi.
Sikuja kuaga; chuma hakiagwi.
Nimekuja kusoma mita.
Tarakimu zake ni tano tu,
aliyeiunda hakutarajia mtu mkaidi.
Zimebaki maili elfu moja, mia tano themanini na saba
zote zigeuke sufuri kwa pamoja,
mkweche huu uamke mtoto mchanga kwa hesabu,
kwa hesabu peke yake, maana goti halidanganyiki,
lake wala langu.
Duru sabini na tisa za usiku, na kipande.
Duru za kwenda kwa nani, sasa?

Nimepiga hesabu ya fedha mara tatu.
Mara zote tatu Sauda ameshinda.

Alhamisi nikapita kwa Ackroyd, nikanunua mnyororo.
"Na beringi?" akauliza. "Na fremu?"
"Mnyororo," nikasema.
Akaufunga kwenye gazeti kama samaki,
akaandika risiti polepole,
akinipa muda wa kujirudi.

Risiti nimeibandika kwenye daftari, ukurasa mpya.
Tarehe nimeandika. Bei nimeandika.
Safu ya maili
nimeiacha wazi.