Saa Saba Mchana, Walukuba

Umeme umekatika tena, Ajambo,
na feni uliyoniachia imesimama
nikaona vumbi la mwezi mzima kwenye mapanga yake.
Pamba amejitandaza kwenye saruji karibu na mtungi,
miguu minne pande nne,
kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa.
Ulimi nje. Mbavu zinakwenda mbio
na mwenyewe hajaenda popote.

Mbwa gani huyu, niliwauliza wajukuu siku ulipomleta,
hajazi hata kikapu,
pua imebonyea kama aliyegongana na mlango,
manyoya ya nchi ya theluji
katika mji ambamo nguo hazikauki wala mtu hakauki?
Mgeni siku mbili, nikasema, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu nilimpa kweli.
Akalala juu ya bapa lake, kwa kuwa chuma kilikuwa baridi.

Sasa najua mambo ambayo mama yangu hakunifundisha.
Najua kuweka mgongo wa kiganja juu ya lami
na kuhesabu; nikishindwa kufika kumi
hatutoki, hata alie mlangoni.
Tunatembea baada ya swala ya alfajiri,
mimi na kitenge changu, yeye na kamba yako nyekundu,
hadi ukuta wa kiwanda cha nguo, kisha tunarudi
kabla jua halijashika mabati.
Najua kupe wanapopenda: nyuma ya sikio,
katikati ya vidole, na pale kwapani
ambapo hataki kuguswa.
Nimemnyoa kwa mkasi wa cherehani.
Usikasirike. Amebaki kama kifaranga kilichonyeshewa,
lakini anapumua.

Hajati Zamzam wa nyumba ya pili hapiti tena upenuni kwangu.
Anasema malaika hawaingii.
Nilimwambia bakuli la mbwa liko nje, mkeka wangu uko ndani,
na chombo alichokilamba nakiosha mara saba, moja kwa udongo,
mpaka ua wangu umeanza kuwa na shimo.
Jana alipita, hata hivyo.
Hakunisalimu. Aliacha pande la barafu ndani ya mfuko
juu ya ngazi, akaenda zake
kama mtu aliyedondosha kitu bila kujua.

Ujumbe wako wa sauti nausikiliza mara mbili mbili.
Pamba anakunywa maji? Pamba analala wapi?
Maskati, unasema, leo joto ni arobaini na sita,
na paka wa tajiri ana chumba chake chenye baridi,
unacheka,
halafu mlango unafungwa nyuma yako na sauti inakatika.
Hujasema wewe unalala wapi.
Nimekuuliza mara tatu.
Umenijibu kwa picha ya mtende.

Basi nimeketi hapa kwenye kigoda.
Nimelowesha gunia, nimelitandika chini ya tumbo lake,
nampepea kwa kawa niliyoisuka mwenyewe,
ile ya zambarau na kijani,
iliyokusudiwa kufunika wali wa harusi yako.
Mkono ukichoka nabadilisha mkono.
Nahesabu pumzi zake nikitazama saa ya ukutani:
mia na kumi. Tisini na nane. Themanini na kitu,
nimesahau, mtoto wa jirani ameita.
Na mara moja moja, usiniulize kwa nini,
naielekeza kawa upande ule ilikoondokea ndege yako.
Upepo wenyewe haufiki hata kwenye kamba ya nguo.
Naielekeza tu.

Ngoja. Ameinua kichwa.
Anasimama, magoti yanatetemeka, anakwenda kwenye bakuli
lenye barafu ya Zamzam iliyobaki ukubwa wa njugu.
Nimebonyeza simu, nimeisogeza karibu.
Nanyamaza.
Sikiliza: anakunywa.