INA

Niliandika INAUZWA kwa chokaa, kioo cha nyuma.
Mvua ya ziwani ikafuta; imebaki INA.
Ina nini? Ina taa ya injini isiyozimika,
ina nyota ya fedha puani, spea zake hadi Dubai.

Lushinge wa sangara alipiga teke tairi,
akauliza inakunywa lita ngapi. Nikamwambia.
Akakaa chini kwa kicheko.

Bwana harusi wa Nyakato aliitaka Jumamosi tu.

“Mama, unauza jina,” dalali akasema.
“Jina halipandi mlima wa Bugando.”

Jana usiku nilikaa nyuma,
upande wangu wa siku zote.
Ngozi ingali inanukia tumbaku ya Bulugu.
Nikamngoja awashe.

Asubuhi nimeongeza laki mbili.