Sababu ya Kutohudhuria

Saa moja asubuhi, yasema saa ya jikoni.
Asubuhi ya nani?
Dirishani ni usiku uleule wa jana.
Hapa Ísafjörður jua lilituaga Novemba
likaenda nyuma ya mlima, na halirudi
mpaka siku ile ya Januari
tunapolipikia chapati za maji na kahawa.

Nami ndio kwanza naingia kutoka kwenye tanuri,
unga kwenye kope, mikate mia tatu mgongoni,
naukuta mlango wa Hrafnkell umefungwa
na nyuma yake mwili mrefu kuliko wa juzi.
Miaka kumi na sita. Suruali ya Septemba
yaishia juu ya vifundo. Nyayo zimevuka kitanda
kama mkate uliofurika bati.

Nimemwita mvivu kwa sauti zote nilizorithi.
Nimewasha taa. Nimevuta blanketi.
Nilimnyang'anya simu nikaifungia kwenye kopo la sukari,
na bado mdogo wake alimsikia saa nane usiku
akitembea gizani, akizihesabu mbao za sakafu.
"Sikatai kulala, mama. Usingizi ndio haujanifikia."
Nikacheka. Kwani usingizi ni barua?

Hallbera, muuguzi wa shule, aliniazima kalamu
akachora ubongo nyuma ya risiti ya hamira.
Ulitoka kama andazi lililobonyea.
Homoni ya giza, alisema, kwa umri huu
huchelewa kuja,
na ikija huchelewa kuondoka.
Unamwamsha katikati ya usiku wake,
si mwanzoni mwa asubuhi yako.
Kisha akatia nukta nyuma ya paji la uso:
chumba cha mwisho kujengwa,
cha kufikiri kabla ya kuruka.
Na akilala, mafundi hawalali,
wanapogoa matawi yasiyopitwa na wazo lolote,
wanazikaza nyaya zinazobaki.
Nikauliza watamaliza lini.
"Ishirini na ngapi huko," akasema,
akanirudishia kalamu.

Waliosema usiku wa deni haukawii kucha
hawakukaa kwetu Desemba.
Hapa haukuchi, na deni linakua vilevile.
Saa moja ya Jumatatu, mbili za Jumanne,
na Ijumaa mwanangu akasinzia juu ya mtihani wa hesabu,
kalamu ikaendelea peke yake,
ikateremka mstari mmoja mrefu, kama njia ya kondoo,
hadi ukingoni mwa karatasi.

Leo niliingia kumwamsha.
Nikaweka mkono pale pa nukta.
Palikuwa na joto
kama donge la unga linaloumuka chini ya kitambaa,
na mimi, miaka kumi na tisa mwokaji,
sijawahi kufunua kitambaa kabla ya wakati.
Nikakaa kwenye kiti chake, juu ya soksi
na gitaa lililopungukiwa nyuzi mbili.
Dakika tano tu, nilijiambia.

"Mama. Mama, ni saa sita mchana."

Alalaye usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.
Mimi sikumwamsha, na nikalala vilevile.
Shule ilikuwa imepiga simu mara nne.
Kileleni mwa mlima palikuwa na ule mwanga wa waridi
usioshuka mpaka kwetu.
Na macho yake! Sijayaona hivyo tangu Agosti,
yamefunguka hadi ndani.
Aliniletea maziwa. Akasema sentensi tatu mfululizo,
moja ikiwa na mzaha.

Sasa fomu iko mezani.
Sababu ya kutohudhuria, inauliza, na mstari mmoja tu.
Nimeandika mgonjwa, nikafuta.
Nimeandika alilala, ikanijia aibu ya zamani,
ya mama yangu, nikafuta.
Karatasi imeanza kutoboka.
Mwishowe: Alikuwa kazini.
Nikatia sahihi, Ásgerður,
na unga wa kidole ukabaki juu ya jina.