Gati la Bulongwa

Babu Zefania Tweve alirudi mlimani
mwaka ule sakitu ilipounguza viazi hadi mizizi,
na blanketi moja, kopo la bati lenye kufuli,
na kikohozi cha saruji ambacho bibi alikiita
mke mwenzangu wa Mtwara.

Alikuwa amejenga bandari.
Huku kwetu, ambako maji makubwa kuliko yote
humfika ng'ombe tumboni, tena masika,
walimuuliza: kina chake kiasi gani?
Akaonyesha kanisa la misheni.
Lizamisheni lile, na kengele yake,
mpiga kengele apande juu ya msalaba, anyooshe mkono:
hamtauona hata ukucha.

Wakacheka, ulanzi ukawatoka puani.
Aliposema chuma kinaelea
wawili wakachukua fimbo zao wakaenda.

Zege alilijua kama mama ajuavyo ugali:
likiwa jepesi, likigoma, likiwa tayari kugeuzwa.
Alituonyesha kwa mikono jinsi kreni ilivyoinua tofali
kubwa kuliko nyumba ya mchungaji,
ikalitua majini polepole, polepole,
kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.
Hapo mikono yake ilisimama hewani.
Hakuwahi kuishusha mbele yetu.

Na yote hayo kwa ajili ya nini?
Karanga, alisema. Meli zije zichukue karanga.
Zikaja?
Karanga hazikuota.
Bibi, akimenya viazi, hakuinua uso:
Kumbe Mzungu naye hujenga ghala kabla ya kupalilia.

Kisha kiangazi kimoja akashuka kijitoni na mtaimbo.
Miaka mitatu alibingirisha mawe,
akayachonga yakaumana kama meno:
ngazi tano, ukuta wa hatua tisa,
na juu yake kisiki cha mwati, kimechimbiwa wima,
cha kufungia meli.
Meli gani, babu?
Ya kwanza huchelewa, alijibu,
akatumbukiza uzi wenye mafundo,
akaandika kina cha asubuhi hiyo
nyuma ya bahasha ya sadaka.
Futi moja na nusu.
Futi mbili kasoro.
Ukungu, sikuona.

Watu walisema bahari imemla kichwa.
Lakini wanawake waliacha kuteleza na ndoo.

Tulipovunja kufuli, wiki ya matanga,
kopo lilikuwa na vipande viwili.
Chake kimegongwa mihuri siku zote thelathini, mstari kwa mstari.
Cha pili, Amoni Swalo, wa Ukwama: kumi na saba,
halafu nafasi nyeupe.
Bibi ndiye aliyejua. Alisema kwa ufupi, kama anayelipa deni:
Amoni alishika kamba ya kuongozea tofali.
Tofali lilishuka.
Kamba ilipanda peke yake.

Mwaka huu mvua zimekawia.
Ngazi ya sita, ambayo hatukujua kama ipo,
imetoka majini na ute wake wa kijani.
Nimeikwangua kwa kisu cha mboga:
A.S. 17
Mama anasema ni alama ya kina.
Sikumbishia.

Kisikini pamefungwa ndama wa jirani.
Anavuta kuelekea majanini, anavuta.
Kamba imekaza.