Kipande cha Pili, Isevya

Tulirekodi ghalani, kati ya mapipa matupu ya asali.
Kalunde akashika saksafoni,
bila noti, bila moja-mbili-tatu:
pumzi kwanza, kisha mate,
kisha sauti ya mlango usiotaka kufungwa.

Msengi alisugua pipa kwa ufagio wa chelewa.
Zeze langu lilikatika uzi;
nikaupiga huohuo uliokatika.

Dakika ya kumi na moja
treni ya Mpanda ikapiga honi stesheni.
Kalunde akanyamaza, akaingoja ipite.
Haikupita. Ilikuwa inapanga mabehewa,
mbele, nyuma, chuma kwa chuma.
Basi akaijibu.

Fundi mitambo akauliza: hapa tukate?

Mama mwenye ghala, kutwa nzima anahesabu risiti,
hakuinua uso.
Akasema iachwe,
na tukitoka tuzime taa.