Pa Kushikia

Sichomelei ndoano kwenye bampa.
Hata ukiniongeza. Rudisha pochi mfukoni, Rwegoshora,
kaa juu ya hiyo betri mbovu, haina asidi,
umeme wenyewe umekatika Gerezani nzima
na jenereta la jirani linakohoa tu.

Gari lako zuri. Nimelilalia chini nikalitazama.
Lakini bampa ni kilemba: kinafuliwa, kinasifiwa,
hakuna aliyewahi kutolewa kisimani
kwa kuvutwa kilemba.

Na hicho kijicho chembamba ulichonionyesha kwa kidole
ukasema, "Si kipo hiki?"
hicho kilifungia gari melini lisiyumbe
toka Japani mpaka hapa Kurasini.
Kazi yake iliisha siku lilipokanyaga gati.
Kiache kipumzike.

Kiwanja chako kiko bondeni Mabwepande, najua.
Masika yakikolea, udongo ule mweusi
unalimeza tairi polepole,
kibogoyo na andazi.
Utakwama. Kila mtu hukwama.
Swali ni utashikwa wapi ukivutwa.

Tazama juu ya meza yangu
lile tufe linalokandamiza risiti.
Lishike. Zito, eeh?
Lilitengenezwa livute trela,
trela linalofuata nyuma barabarani kwa adabu.
Mshtuko halikuufahamu.
Kishikio chake nilikichomelea mimi,
nikapaka rangi nyeusi, nikalipwa, nikanunua kuku.

Wanasema kamba hukatikia pembamba.
Siku ile Goba kamba haikukatika.
Ilikuwa mpya, ya njano, ikatanuka kama inavyotakiwa,
ikatafuta pembamba kwingine
na ikapapata:
mshono wangu.

Mlio ulikuwa mdogo. Tik.
Tufe likapasua kioo cha nyuma cha gari lililokuwa likivuta,
likapita katikati ya viti,
dereva akasema alihisi upepo sikioni,
likatokea mbele.
Mbele alisimama Mtoro, msaidizi wangu,
akielekeza kwa mikono miwili, njoo, njoo.
Akabaki na mmoja.

Sasa anauza vocha Mnazi Mmoja.
Tukikutana hunisalimia yeye kwanza.
Angenitukana ningelala.

Haya, lala chini hapa. Chafua shati.
Zione reli mbili, kulia na kushoto.
Gonga bampa kwa spana: linalia sufuria.
Gonga chesisi. Umesikia?
Inajibu chinichini, kama mtu aliyeulizwa deni.
Hapo ndipo pa kushikia.
Nitatoboa, bolti nne kila upande,
zenye namba kichwani, na bamba nene kwa ndani.
Shako ununue iliyochorwa tani zake ubavuni;
isiyochorwa, mpelekee mkeo, ni hereni.
Na lile tundu la mraba la trela
lina nguvu, limefungwa kwenye mfupa.
Ila toa tufe kwanza, lote, na shingo yake,
uingize kipande kizima chenye shako,
pini ipite mpaka ng'ambo, na kibanio chake.
Usiseme kibanio kitasubiri kesho.

Mimi siku hizi nachomelea mageti na vitanda.
Kitanda kikikatika watu hucheka.

Aa, umeme huo. Nipe drili.
Halafu sikiliza, hili halina bei:
siku hiyo bondeni, kabla hujakanyaga mafuta,
tupia gunia la mchanga juu ya mkanda.
Watakuja vijana, watakuja watoto wa jirani,
na lazima atakuwepo mmoja mbele, anayejua kila kitu,
amenyanyua mikono yake yote miwili.
Zima gari.
Shuka.
Mwondoe.